Kuvuta tela la kulala Tabora mpaka Kigoma: mafuta unayapangaje

Ukisema tela huku kwetu Tabora mtu anawaza la trekta limejaa tumbaku, kwahiyo niweke sawa mapema, ninaloongelea hapa ni tela la kulala, lile la kutalii, boksi lenye mlango na dirisha, ndani vitanda viwili, jiko, kabati na tangi la maji. La kwangu limechomelewa na fundi hapahapa mjini, ekseli moja, likiwa na maji na mizigo linakaribia tani, navuta kwa Hilux ya dizeli. Msimu wa asali naingia nalo porini, miezi mingine familia inataka kuona ziwa basi tunashuka nalo Kigoma mwisho wa reli. Watu wakiliona wanauliza vitanda vimekaaje, jiko linawakaje, hakuna anayeuliza mafuta, na mimi mafuta ndo yamenilaza barabarani mara mbili.

Njia yenyewe wengi mnaijua: Tabora, Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, daraja la Malagarasi, Uvinza, Kazuramimba, Kidahwe, Kigoma. Ni kilomita 400 na ushei. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na mizigo kichwani mpaka Ujiji, na wao safari waliipanga kwa maji, wanajua kisima kipo wapi na kipi kinakauka kiangazi. Sisi visima vyetu ni sheli, na zenyewe zinakauka.

Kwanza, pima ulaji wa gari ikiwa na tela

Kosa la wengi ni kuanza kuuliza "sheli zipo wapi?" kabla hawajajua gari yao na tela inakula kiasi gani. Usichukue namba ya mtu, usichukue hata zangu. Fanya hivi: pakia tela kama unavyosafiri kweli, maji ndani, watu kwenye gari, nenda sheli jaza mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, usiongezee ongezee, halafu rudisha ile mita ndogo ya safari kwenye sifuri. Tembea kilomita 100 na zaidi, mimi nilienda njia ya Nzega nikageuza kabla sijafika, ukirudi jaza pampu ileile gari ikiwa imesimama vilevile mpaka ijikate tena. Mimi nilitembea kilomita 132 zikaingia lita 18, gawanya unapata 7.3 kwa lita. Bila tela gari hiyohiyo inanipa 11. Unaona pengo hilo? Na hapo ni lami, vumbi lenye mashimo inashuka kama 6, na kwenye tope la masika nikiweka foo wili hata 5 haifiki.

Kwanini inakula hivyo, sio uzito peke yake. Uzito unauma wakati wa kuondoka na kupanda mlima, lakini kwenye lami iliyonyooka mla mafuta mkubwa ni upepo, maana lile boksi linasimama nyuma kama ukuta. Na upepo una hesabu yake ya ajabu, ukitoka 80 ukaenda 100 mwendo umeongezeka robo tu, lakini nguvu ya upepo inayokuvuta nyuma imeongezeka zaidi ya nusu. Ndo maana mimi na tela 80 ndo mwisho, na mkeo akisema mbona basi limetupita mwambie basi halijabeba kitanda chake. Matairi ya tela nayo yajazwe upepo kamili, watu wanapima ya gari wanasahau ya tela, tairi laini linakula mafuta halafu mwisho linapasuka.

Kitu kingine, geji usiiamini. Tela likikaa nyuma gari inainua pua, mafuta ndani ya tangi yanahamia upande mmoja, na boya la kupimia linasoma uongo. Gari yangu mshale ukikaa nusu ujue nusu imeshapita muda. Mimi naenda na kilomita, geji naangalia kama mtu anavyoangalia saa ya ukutani ya baa.

Pili, gawa tangi halafu gawa njia

Tangi langu lita 80. Lita 15 za chini nazihesabu hazipo, kwasababu huko chini kuna uchafu na maji, na pia ndo akiba. Zinabaki 65. Zidisha kwa ulaji mbaya wako, sio ule mzuri, yaani 65 mara 6 ni kilomita 390. Kwa ulaji wa lami ungepata 470 na kitu ukajisemea natoboa Kigoma bila kusimama, na ndivyo nilivyojisemea mimi mwaka ule wa kwanza. Nilichosahau ni kwamba kuna kuchepuka, kuna kusubiri injini ikiunguruma na AC watoto wasiive kwa joto ndani, kuna mvua (huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili ukiambiwa barabara nzuri uliza nzuri ya leo au ya jana), na kuna kuzungukazunguka ukifika kutafuta pa kuegesha.

Sasa kanuni ninayoifuata siku hizi, na hii ndo kiini cha mambo yote: usiondoke sheli ya kwanza kama huna mafuta ya kukufikisha ya tatu. Ya pili ihesabu kama haipo. Ukiikuta ina mafuta na inaingilika na tela, umshukuru Mungu ujaze, ukiikuta haina unapita unaimba.

Kwa njia hii inakuwa hivi. Tabora jaza tangi lote jioni kabla ya safari. Urambo ni kama kilomita 90, hapo napita tu labda chai. Kaliua hapo lazima nisimame, hata kama nimetumia lita 18 tu, naongeza mpaka lijae, kwasababu baada ya Kaliua ndo kipande kirefu chenye pori na bonde la Malagarasi, nyumba zinakuwa chache na mtandao unakuja unapotea. Kuna watu wanaona ujinga kusimama kuweka lita 18, wanasema unapoteza muda, dakika 15 hizo. Mimi nimeshapoteza usiku mzima. Ukitoka Kaliua na tangi lililojaa, Nguruka na Uvinza zinakuwa za ziada, unaingia kama umependa. Kutoka Uvinza mpaka Kidahwe ni kilomita 76 hivi, ukifika hapo Kigoma unainusa.

Wa njia ya Mpanda, huko ni kali zaidi. Tabora, Sikonge, halafu Ipole, baada ya hapo ni msitu mpaka Koga na kuendelea. Lami ni nzuri, inakudanganya ukanyage, lakini kanuni ni ileile, sheli ya tatu kwako ndo Mpanda yenyewe, kwahiyo Sikonge unajaza hata kama ni lita 10. Huko ukiishiwa mbung'o watakufundisha kutoshuka kwenye gari.

Tatu, uliza kabla, na uliza wanaojua

Ramani ya simu itakuonyesha sheli, haitakuambia kama ina mafuta. Wanaojua ni madereva wa mabasi na malori. Jioni ya kuamkia safari nenda stendi, muone dereva au konda aliyeingia leo kutoka Kigoma, msalimie vizuri, "Shikamoo mzee, pole na barabara, huko Nguruka leo mafuta yapo?" Atakuambia mpaka pampu gani inapima vibaya. Ukipata namba ya mhudumu wa sheli mojamoja njiani itunze kama ya fundi, unapiga asubuhi, "dada dizeli ipo?", unapata jibu la sekunde 5 linalokuokolea nusu siku.

Uliza pia umeme. Pampu ni za umeme, ukikatika na jenereta ya sheli imekufa basi mafuta yapo chini ya miguu yako na huyapati. Na beba keshi ya kutosha kujaza tangi moja zima, lipa namba ni nzuri ila mtandao ukigoma mhudumu hawezi kukuachia kwa sura yako.

Bei sitakaa sana. EWURA wanatoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwahiyo angalia kalenda, na ujue kadiri unavyoenda mbali na bandari bei inapanda kidogo. Kama safari inaangukia Jumanne ya kuamkia bei mpya na watu wanasema itapanda, jaza siku hiyohiyo mapema maana foleni na tela nyuma ni adhabu. Lakini kuruka sheli nzuri ya Kaliua kwasababu mbele wanasema ni nafuu shilingi 20, huo ni ubahili wa kulala porini.

Nne, sheli lazima iingilike na itokeke

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndo pana machozi.

Jioni moja, mji mdogo sitautaja, nikaona sheli ya pampu mbili. Nyuma yake ukuta, pembeni mtaro, mdomo wa kuingilia ndo huohuo wa kutokea. Nikasita. Mhudumu akanipungia, "Kaka pita tu, hata malori yanaingia hapa." Nikapita. Nikajaza vizuri, nikalipa, nikawasha, ndo nikagundua siwezi kwenda mbele kuna ukuta, na siwezi kukata kona maana tela litalala juu ya pampu. Namuuliza yule dada, malori gani yanaingia hapa? "Fuso." Sasa Fuso halivunjiki katikati!

Ikabaki kurivasi. Asiyewahi kurivasi na tela fupi hajui, ukikata usukani kulia lenyewe linaenda kushoto, na ukichelewa kulirudisha linajikunja linabana gari ubavuni. Bodaboda kumi wakashuka kuelekeza, kila mmoja na upande wake, "kata kulia! kata kulia!", "wewe usimsikilize huyo, nyoosha!" Nikaangusha ndoo za mchanga za zimamoto, nikaacha rangi kwenye nguzo, mke wangu kwenye kiti cha mbele anakula matobolwa anaangalia kama sinema. Mwisho tukalikata tela, vijana sita wakalisukuma kwa mikono mpaka barabarani, gari ikatoka peke yake, tukaliunga nje. Ilinitoka elfu 10 ya soda na heshima yote niliyokuwa nayo katika mji ule.

Tangu siku ile siingii sheli na tela kabla sijaegesha nje, nikashuka, nikatembea kwa miguu. Naangalia vitu hivi:

- Mdomo wa kuingilia na wa kutokea ni tofauti? Kama ni mmoja, kuna uwanja wa kuzunguka gari yote? Pima gari na tela kwa pamoja ukiwa nyumbani uandike, yangu ni mita 10 na nusu.
- Ukishaingia na kukata kona, tela linakata ndani zaidi ya gari. Kwahiyo pampu na nguzo zisiwe upande unaokunjia, au zunguka kwa upana.
- Paa la sheli lina urefu gani, na wewe juu ya tela umefunga godoro na nini?
- Tundu lako la mafuta lipo upande gani. Bila tela unageuza gari, ukiwa na tela hugeuzi, unachagua upande tangu unaingia.
- Kuna tuta au mtaro wa kuvuka mdomoni? Mkia wa tela na kile kigurudumu chake cha mbele vinakwaruza kwanza.

Sheli kubwa zenye upande wa malori ndo rafiki zako, unaingia mbele unatoka mbele. Tahadhari moja, pampu za malori zingine bomba lake nene haliingii kwenye shingo ya tangi la pikapu, na zinatoka kwa kasi dizeli inatoa povu inajikata mapema unadhani limejaa kumbe bado. Mwambie mhudumu atoe polepole. Na ukikuta lori la mafuta linashusha mzigo, kama unaweza subiri au pita, kwanza limeziba njia, pili linatibua uchafu uliotulia chini ya tangi la sheli.

Kama sheli ni moja tu na haiingiliki, usibishane nayo. Tafuta mwembe, Tabora hatujanyimwa miembe, egesha tela chini yake kwenye tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, likate, mwache mtu mzima hapo, nenda na gari tupu ujaze urudi. Nusu saa, hakuna sinema.

Kabla hujaingia pampuni gesi ya tela ifungwe kwenye mtungi wenyewe, kama una friji ya gesi nayo izimwe maana ina kimoto kidogo ndani hukioni. Na mkaa jamani. Watu wanapika chai njiani, wanamwaga majivu wanadhani umezima, jiko linawekwa chini ya kitanda cha tela lina kaa jekundu moja limejificha, halafu huyoo mpaka pampuni. Mimi jiko la mkaa linakaa kwenye ndoo ya bati lina mfuniko, nje. Na mtu asikae ndani ya tela wakati gari inatembea, hata mtoto aliyelala, hilo halina mjadala.

Mafuta yakiwa yanaingia tumia muda huo kuzunguka tela. Weka mgongo wa kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu, moja likiwa la moto sana kuliko lenzake beringi inaomba msaada. Gusa nati, angalia mnyororo wa usalama, angalia taa.

Tano, dumu

Napenda kubeba lita 40 za akiba, madumu mawili ya 20. Dizeli lita 20 ni kama kilo 17, kwahiyo uzito upo, usiweke nyuma kabisa ya tela maana mkia ukiwa mzito tela linaanza kuyumba kama mlevi, na ukiona limeyumba usikanyage breki kwa nguvu, achia pedali ya mafuta taratibu. Madumu yangu yanasimama kwenye bodi ya pikapu, mbele, yamefungwa kamba, yamefunikwa turubai jua lisiyapige. Ndani ya tela mnapolala hapana, ndani ya kabini hapana.

Dumu liwe la mafuta kweli, la bati au plastiki nzito ya kazi hiyo, lile la njano la mafuta ya kula acha libebe maji. Kabla hujaliweka chini ya bomba liulizie kwa mhudumu, sheli nyingi hazikubali kujaza vyombo ovyo. Lijaziwe likiwa limekaa chini ardhini, sio juu ya bodi ya gari, hasa petroli, maana likiwa juu ya plastiki linaweza kukusanya umeme wa msuguano ukatoa cheche. Acha nafasi juu kama vidole vinne, mafuta yanatanuka na joto.

Na haya ya chupa njiani? Zile chupa za maji zimepangwa kwenye meza ni petroli ya bodaboda, mwenye dizeli hazimhusu, na kuna watu wameshaweka bila kuuliza. Mwenye petroli azione kama panadoli, lita 3 za kukufikisha sheli, basi, na achuje kwa kitambaa safi. Injini za dizeli za siku hizi haziombi msamaha, maji kidogo tu nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zinakufa, na bei ya nozeli nne unanunua tela lingine. Taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka simama, fungua kile kikoki cha chini ya filta umwage mpaka yatoke mafuta matupu.

Kurudi

Kurudi sio sawa na kwenda, hili niliona kwenye daftari langu kabla sijajua sababu. Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa lipo kwenye 770 hivi. Ukienda unashuka, ukirudi unalipandisha tela lote hilo mita 400 na kitu, pamoja na dagaa na migebuka uliyonunua. Mimi kwenda nilitumia lita 56, kurudi 63, gari ileile, mguu uleule. Wanaopanda Kasulu kutoka Kigoma wataiona mapema zaidi, vilima vinaanza hujakaa vizuri.

Kwahiyo ukifika Kigoma jaza jioni ileile, kabla hujatafuta pa kuegesha na kabla watoto hawajaona maji, tela bado limeungwa na wewe bado una akili ya barabarani. Asubuhi ya kuondoka kila mtu anataka kuaga, kuna mfuko wa dagaa umesahaulika kwa shangazi, na hakuna anayetaka kusikia habari za sheli.